King'ora cha Saa Sita

Mtaa mzima ulimwita Mama King'ora. Si kwa sababu ya sauti yake, maana yeye alikuwa mtu wa kusema polepole. Jina lilitoka kwa mumewe.

Kwa miaka thelathini mumewe ndiye aliyebonyeza king'ora cha kiwanda cha mablanketi. Asubuhi king'ora kililia, watu wakaingia kazini. Saa sita mchana kililia tena, watu wakatoka kwenda kula. Saa kumi kililia mara ya mwisho, watu wakarudi makwao. Hata waliokuwa majumbani walikifuata. Watoto wakisikia kile cha saa sita waliacha michezo, wakaenda kunawa mikono. Hakuna aliyewaita.

Kisha kiwanda kikafungwa. Siku ya mwisho Mzee King'ora alirekodi sauti ya king'ora kwenye simu yake. Alisimama peke yake uani, simu juu, kofia mkononi. Baadaye alinunua kompyuta ya mezani, akaiweka kwenye kona ya sebule, chini ya saa ya ukutani. Majirani walimtania.

"Mzee, na wewe unataka kuwa karani uzeeni?"

"Uzee haujafunga shule," aliwajibu.

Akajifunza. Aliingiza ile sauti ndani ya kompyuta, akaipanga ilie kila siku saa sita mchana. Halafu kila siku aliandika mstari mmoja tu, kila mmoja kwenye karatasi yake mle ndani ya kompyuta. "Leo mvua imenyesha." "Leo mke wangu amenishinda kwenye karata, amefurahi kupita kiasi." Akamfundisha na mkewe kuandika kwa kidole kimoja.

Kabla hajafa alimwambia mkewe, "Ule mstari usikatike."

Mama King'ora alikaa na maneno hayo. Miezi mingi baada ya mazishi kompyuta ilifunikwa kitambaa, waya wake umechomolewa. Siku moja alipiga moyo konde, akafunua kitambaa, akaiwasha.

Ikawaka. Lakini pembeni mwa skrini tarehe ilisema mosi Januari, ya mwaka ule ule walioinunua.

Mama King'ora alivuta kiti, akakaa. Mwaka ule! Mwaka ule mumewe alikuwa mzima, anapanda stuli mwenyewe, anakula na kuomba kuongezwa. Aliitazama tarehe ile mpaka macho yakamlowa. Kisha akaangalia saa ya ukutani, akairekebisha saa ya kompyuta ifanane nayo, kama alivyomwona mumewe akifanya. Tarehe hakuigusa. Aliiacha pale pale.

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi kompyuta ilisahau saa, naye aliirekebisha. Tarehe aliiacha. Akaandika mstari wake, akaendelea na kazi zake. Jioni alichomoa waya ukutani kwa kuogopa radi. Jambo moja tu lilimuuma. King'ora cha saa sita hakikulia tena. Alisubiri siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Akajisemea kwamba kimekwenda na mwenyewe.

*

Mwanawe alikuwa dereva wa lori, jitu la ndevu na mabega. Siku moja ya Jumapili alikuja kumsalimu.

"Mama, wajukuu wako wamepiga picha za shule. Mke wangu ameziweka kwenye mtandao. Ngoja nikuonyeshe."

Akaunganisha kompyuta na simu yake, akafungua ukurasa. Ukurasa ukakataa. Ukaandika kwamba njia hiyo si salama. Akajaribu mwingine. Nao ukakataa.

"Mama, hii kompyuta imekufa. Tazama, inadhani tuko miaka tisa nyuma!"

"Haijakufa. Inasahau tu. Hata mimi nasahau."

Dereva alimtazama mama yake. Akaona macho yake mekundu.

"Kila nikija nakukuta umelia," alisema. "Unakaa mbele ya hiki chombo unalia. Jumamosi nakuja na lori. Nakichukua nakipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nitakuletea redio nzuri."

"Mwanangu, ukiichukua hiyo umemzika baba yako mara ya pili."

"Mama, usinitie maneno hayo mdomoni. Mimi nataka upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Dereva aliinuka kwenda zake. Mlangoni alisema tena, "Jumamosi." Na yeye alikuwa mtoto wa baba yake. Akisema Jumamosi, ni Jumamosi.

*

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Mama King'ora alijifunga mtandio akavuka barabara. Ng'ambo kulikuwa na kibanda cha fundi wa redio, pasi na kompyuta. Fundi huyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, bisibisi sikioni kama seremala na penseli yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina mgonjwa nyumbani."

"Nani tena?"

"Kompyuta ya mzee. Kila ikilala inaamka mwaka mwingine."

Fundi aliweka chini pasi aliyokuwa akiifungua.

"Mama, nijibu maswali mawili. Ikiwa imewashwa, saa yake inakwenda vizuri?"

"Vizuri sana. Dakika kwa dakika na ya ukutani."

"Na ukiizima?"

"Ndiyo inapotea. Asubuhi naikuta mosi Januari."

"Basi mgonjwa wako hana ugonjwa mkubwa. Twende."

Njiani fundi alisema, "Unajua mama yangu alifuma mablanketi kiwandani? Sisi nyumbani hatukuwa na saa. Saa yetu ilikuwa mumeo."

Mama King'ora alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Walipofika, fundi hakukimbilia kufungua. Kwanza aliizima kompyuta. Kisha akachomoa waya ukutani.

"Usifungue kompyuta yenye umeme, hata kama ni ya adui yako," alisema. Akafungua skrubu, akaondoa ubavu wa boksi. Vumbi likaruka. Kabla hajagusa kitu ndani, alishika kwanza chuma cha boksi.

"Unaiomba radhi?" Mama King'ora aliuliza.

"Mwili una umeme mdogo mama. Huuoni, lakini unaweza kuharibu vitu vya ndani. Ukigusa chuma unautoa. Sasa njoo uone."

Mama King'ora aliinama. Kwenye ubao wa ndani palikuwa na kitu cha duara, kinang'aa, ukubwa wa kifungo cha koti.

"Hiyo ni betri," fundi alieleza. "Kompyuta ikiwa imechomekwa, saa yake inakula umeme wa ukutani. Ikichomolewa, saa inaishi kwa betri hii peke yake. Betri ikiisha nguvu, saa inasahau kila kitu. Inaanza upya, mwaka iliotengenezwa."

"Kumbe! Na mimi nachomoa kila jioni."

"Kukiwa na radi chomoa, ni vizuri. Lakini ile miezi kompyuta ilipokaa bila umeme, betri ilibeba mzigo peke yake. Na ilishakuwa mzee."

Fundi alisukuma kishikizo kidogo kwa ncha ya bisibisi. Betri ikaruka juu. Akaigeuza, akamwonyesha.

"Soma hapa juu."

Mama King'ora alisogeza miwani. "Mbili, sifuri, tatu, mbili."

"Ukienda dukani, chukua ya zamani uionyeshe. Upewe yenye namba hiyo hiyo. Na hii alama ya kujumlisha, ielekee juu. Ukiigeuza, umefanya kazi bure."

Akatoa betri mpya mfukoni mwa koti lake, akamkabidhi. "Iweke wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mkono wako umetunga uzi kwenye sindano miaka yote hiyo, utashindwa na kifungo?"

Mama King'ora akaiweka. Ikaingia kwa mlio mdogo, tik! Alisimama wima na mikono kiunoni, amejaa fahari.

Fundi aliifunga betri ya zamani kwa utepe wa gundi, akaitia mfukoni. "Hii usiitupe jalalani, na usiiache mezani wajukuu wakija. Mtoto akiimeza inamuunguza ndani. Hapo ni kukimbilia hospitali, hakuna kungoja."

Alirudisha ubavu, akachomeka waya, akawasha. Akaweka tarehe na saa. Mwaka wa leo, mwezi wa leo, siku ya leo.

Mama King'ora aliitazama ile tarehe. Fahari ikamtoka usoni.

"Vipi mama?"

"Hakuna." Kisha akasema ukweli. "Mwaka ule haurudi tena?"

Fundi alielewa. Hakucheka.

"Haurudi kwenye saa, mama. Lakini hebu tufungue karatasi za mzee."

Akafungua. Karatasi zilipangwa kwa tarehe. Mama King'ora akashika mdomo. Mistari yake yote aliyoandika tangu kufiwa ilikuwa juu kabisa, kabla ya ya mumewe, imelundikana siku moja ya Januari.

"Mbona mimi nimemtangulia?"

"Kompyuta haijui habari za misiba. Inajua tarehe unayoipa. Ulipoacha ile ya zamani, iliandika kwamba ulimaliza kabla yeye hajaanza. Na kurasa za mtandao ni vivyo hivyo. Kila ukurasa una kitambulisho chenye tarehe. Kompyuta yako ilipokitazama ikasema, 'Hiki ni cha miaka ijayo, siwezi kukiamini.' Ikafunga mlango."

Mama King'ora alipitisha kidole kwenye mistari yake.

"Aliniambia mstari usikatike," alisema. "Kumbe niliukata mwenyewe, kwa mapenzi."

"Tutaunga. Zile zako tutaziandikia tarehe ya kweli kwenye jina, moja moja. Nitakusaidia."

*

Ijumaa asubuhi Mama King'ora aliamka na shauku. Alichomeka waya, akawasha. Tarehe ilikuwa sahihi! Akapiga kofi moja la furaha. Kisha akaangalia saa.

Redio ya jirani ilikuwa imetangaza sasa hivi kwamba ni saa mbili na dakika tano asubuhi. Saa ya ukutani ilisema vivyo hivyo, mshale mfupi kwenye mbili. Lakini kompyuta iliandika nane na dakika tano.

"Yaleyale," alisema. "Sasa badala ya kurudi nyuma, inakimbia mbele!"

Akairekebisha. Akaweka mbili na dakika tano. Akavaa viatu, akaenda kwa fundi.

"Mwanangu, betri yako ina wazimu. Ya zamani ilikuwa inalala, hii inakimbia. Usiku mmoja imekwenda mbele saa sita kamili!"

Fundi alikunja uso. "Saa sita kamili? Hata dakika moja haikuzidi?"

"Hata moja."

"Mama, betri mbovu haijui kuhesabu vizuri hivyo. Saa ikipotea saa kamili kamili, usilaumu betri. Ni mpangilio, au ni mtu. Nikimaliza kazi hii nakuja."

Alikuja saa nane mchana. Aliketi kando, mikono mapajani.

"Leo sigusi kitu. Nionyeshe unavyoweka saa."

Mama King'ora aliangalia saa ya ukutani. Akaangalia kompyuta. Akafungua sehemu ya saa bila kubabaika, akanyoosha kidole chake kimoja. "Saa nane. Basi naweka nane."

Fundi aligeuka, akaitazama saa ya ukutani kwa makini. Akatazama saa yake ya mkononi. Akaitazama tena ya ukutani.

"Mama, hii saa ya ukutani nani aliipanga hivi?"

"Mume wangu. Tulipooana sikuwa nimesoma sana. Mdomo unasema saa mbili, mshale uko kwenye nane. Nikamuuliza, 'Huu mshale mbona mwongo?' Alicheka mpaka akashika mbavu. Akapanda stuli, akasogeza mishale. Akasema, 'Humu ndani mshale utasema kama unavyosema wewe.' Kazini alitumia saa ya kiwanda. Hapa nyumbani tulitumia yangu."

"Na simu yako haina saa?"

"Ina saa, lakini imepasuka hapo hapo penye saa. Niliikalia."

Fundi alicheka mpaka akatoa bisibisi sikioni isije ikamchoma. Mama King'ora akacheka naye, ingawa hakujua wanacheka nini.

"Mama, sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza. Likishapanda kidogo, ni saa moja. Kompyuta inahesabu tangu katikati ya usiku. Inatutangulia kwa saa sita. Kwa hiyo saa za mchana unazozisema wewe, ongeza sita. Saa mbili asubuhi, ongeza sita?"

Mama King'ora alihesabu kwa vidole. "Nane."

"Saa nane mchana?"

"Kumi na nne. Lo! Kumi na nne?"

"Ndiyo. Yeye haanzi upya mchana, anaendelea kuhesabu mpaka ishirini na nne. Kwa hiyo jana niliiweka sawa, wewe leo ukairudisha—"

Mama King'ora hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa ameinama chini ya skrini. Hapo palibandikwa kipande cha karatasi, kimepauka. Mumewe alikibandika siku alizokuwa mgonjwa. Kiliandikwa maneno mawili: *Usisahau sita.*

"Nilidhani ni dawa," alisema taratibu. "Dawa yangu ya presha. Nilidhani ananikumbusha niimeze saa sita. Nimeimeza saa sita kila siku, sijakosa hata siku moja."

"Daktari alikwambia uimeze saa ngapi?"

"Alisema mara moja kwa siku, saa yoyote, mradi iwe ile ile."

"Basi hujakosea hata hapo."

Mama King'ora aliigusa karatasi kwa ncha ya kidole. Alimwona mumewe tena, amekonda, anabandika karatasi, anajua kwamba mkewe atabaki peke yake na mashine isiyosema kama anavyosema yeye. Machozi yakamtoka. Hakuyaficha.

"Alinisogezea mishale mara ya pili," alisema.

Fundi alimwacha alie. Kisha wakaiweka saa pamoja, kumi na nne na dakika ishirini. Fundi akachagua eneo lao katika orodha ya saa za dunia, akaweka alama mahali pamoja.

"Hapa nimeiambia ikipata mtandao ijirekebishe yenyewe. Wewe usiiguse tena. Ukiona tofauti ya sita, ni salamu tu, si ugonjwa."

*

Jumamosi saa tano na nusu lori liliegeshwa mlangoni. Dereva aliingia, akasalimu, akaketi. Mama yake hakungoja.

"Unganisha na simu yako. Tafuta picha za wajukuu zangu."

Dereva alifanya hivyo kwa kumridhisha tu. Ukurasa ukafunguka. Wajukuu wakatokea wamevaa sare, mmoja hana meno ya mbele. Dereva akainuka nusu kwenye kiti.

"Nani ameitengeneza?"

"Mimi. Fundi alishika tochi tu." Hakutia chumvi sana, ila kidogo.

Akamweleza kila kitu. Betri, namba, alama ya kujumlisha, kuongeza sita. Dereva alisikiliza, akatikisa kichwa, akacheka mahali pa kucheka. Lakini mwisho akashusha pumzi.

"Sawa mama, imepona. Ila mimi sikuja kwa sababu ya saa. Nilikuja kwa sababu ya machozi yako. Tazama, hata leo macho ni mekundu. Baba ameondoka. Hiki chombo kinakufunga kwenye jana."

"Mwanangu—"

"Nitakihifadhi kwangu. Sitakiuza. Nakuahidi."

Aliinama chini ya meza, akashika waya wa ukutani.

Hapo ndipo kompyuta ikalia.

Ilianza chini, kama ng'ombe anayeamka. Ikapanda, ikapanda, ikajaza sebule, ikatoka dirishani, ikavuka barabara. Ng'ambo, fundi alisimama mlangoni mwa kibanda, pasi mkononi. Mama King'ora alishika kifua. Kumbe hakikwenda na mwenyewe. Siku zote hizo kilikuwa ndani, kinangoja kompyuta ifike kumi na mbili, na kwa saa alizokuwa akiziweka yeye, ilifika jioni, imekwisha kuzimwa.

Dereva aliuachia waya. Alitoka chini ya meza polepole. Lile jitu la ndevu lilipita mbele ya mama yake, likatoka mlango wa nyuma, likaenda bombani.

Maji yakasikika.

King'ora kilishuka, kikanyamaza. Dereva alirudi, mikono inachuruzika, akasimama mlangoni kama mtu aliyeamshwa usingizini. Aliitazama mikono yake, kisha mama yake.

"Mama," alisema. "Chakula kiko tayari?"

"Kaa," mama yake alimwambia. "Ngoja kwanza nimeze dawa."

Akameza dawa. Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta, akanyoosha kidole chake kimoja. Karatasi yake mpya ilikaa chini ya zile za mumewe, mahali pake. Aliandika herufi moja moja:

*Jumamosi. Saa sita kamili. Mtoto amenawa mikono.*